Barua kwa mwanangu: kitu cha kila siku kitoke kwa mkono mmoja

Mwanangu mpendwa,

Picha za chumba chako kidogo nimezipata na nimezikuza mpaka nikaona kona zote, kwanza hongera sana, kushika funguo za kwako mwenyewe sio jambo dogo. Nimeona pia begi bado limesimama katikati ya chumba, nguo ziko juu ya kiti, na umeniandikia kwamba wikiendi unataka kwenda kununua maboksi ya kuhifadhia vitu. Naomba usubiri kidogo. Usinunue chochote mpaka umalize kusoma hii barua, manake watu wengi wanaanzia hapohapo kwenye maboksi, wanarundika maboksi chumba kizima, afu haupiti muda mrefu nguo zimerudi juu ya kiti na maboksi yenyewe yamekuwa mzigo mwingine unaotafutiwa pa kukaa.

Ninachotaka ukishike ni kimoja tu: kitu unachokitumia kila siku kitoke kwa mkono mmoja na kirudi kwa mkono mmoja. Ukiona ili uchukue chaja inabidi ushushe boksi la juu, ufungue mfuniko wa la chini, usogeze makaratasi ndo uifikie, jua hiyo chaja haitarudi humo, italala kitandani, na usijiite mvivu kwa hilo, umeipa chaja makao yanayodai kazi kubwa kuliko chaja yenyewe. Watu wakiona chumba kimevurugika wanajilaumu tabia, na mimi nimewaangalia wengi sana, wasafi kabisa, kinachowashinda ni mpangilio.

Kulikuwa na mama mmoja msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, mwaka 1926 alichora jiko dogo la nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Dogo kweli, upana kama mita 1.9 na urefu kama mita 3.4, na kabla ya kuchora alichunguza majiko ya mabehewa ya treni yanavyobana kila kitu sehemu finyu, akapima na muda na hatua za mtu anayefanya kazi za jikoni. Humo ndani akaweka vidroo vya alumini vyenye mshikio na mdomo wa kumiminia, kila kimoja kimeandikwa kilichomo, unga, mchele, sukari, unavuta unamimina palepale unarudisha, hakuna mfuniko hakuna kutafuta kijiko. Majiko ya namna ile yalijengwa kama 10,000 hivi. Ni karibu miaka 100 sasa na kwangu mimi bado hakuna aliyempita, manake yeye alianza na mkono wa mtu unaenda wapi, habari ya vitu vingapi vitaingia ikaja baadae.

Na wewe anza hivohivo. Siku za mwanzo usipange kitu, ishi tu, ila angalia vitu vinaangukia wapi ukiingia. Funguo unaziacha wapi, viatu unavulia wapi, simu unachajia upande gani wa kitanda. Afu hapo kitu kinapoangukia chenyewe ndo ukipe makao, usikihamishie kwenye kona nzuri uliyoiona kwenye picha za watu. Funguo zikiangukia karibu na mlango basi ndoano iwe karibu na mlango, kwa urefu wa mkono wako, sio ndani ya droo ya meza iliyo upande wa pili.

Hicho kiti chako sasa. Zile nguo zilizo juu yake nazijua, umezivaa mara moja, sio chafu za kwenda kufuliwa na sio safi za kurudi kabatini, na makabati yote yanayouzwa hayana sehemu yake, ndo maana kila nyumba kuna kiti cha hivo. Weka ndoano ukutani hapohapo kilipo kiti, tano zinatosha, uone kiti kitakavyobaki kitupu bila wewe kujilazimisha. Kuna jumuiya moja ya kidini huko Marekani, wanaitwa Shakers, kuta zao zilizungushiwa ubao wenye vigingi vya mbao, walikuwa wanatundika kofia, mifagio, mpaka viti walivitundika ukutani ili sakafu ifagiliwe yote bila kuzunguka kitu. Ndo chumba kidogo kinavyotaka. Sakafu ikionekana, pumzi inaongezeka hata kama mita hazijaongezeka.

Ila kabla ya kugusa ukuta muulize mwenye nyumba kama anaruhusu kutoboa, uwe na jibu lake kwa maandishi hata kama ni meseji tu. Akikataa tumia ndoano za gundi, lakini zina masharti na watu hawayafuati ndo maana zinadondoka usiku na kumshtua mtu. Pitisha kiganja ukutani, rangi ikiacha unga mkononi hapo haitashika, usipoteze hela. Isipoacha unga, futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa, bandika na ukandamize kwa nguvu, afu usitundike chochote mpaka lipite kama saa zima hivi, na usizidishe uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Koti zito la mvua usiliweke hapo.

Akikubali utoboe, gonga ukuta kwa kidole kwanza. Ukisikika mzito na mkavu ni tofali au zege, unahitaji drili ya kugonga na zile plagi za plastiki za kushikilia skrubu. Ukisikika mtupu ni jipsam au mbao nyembamba, hapo skrubu ya kawaida itashika wiki mbili afu itoke na kipande cha ukuta, inabidi ukutane na mbao ya fremu iliyo nyuma yake au utumie plagi maalumu zinazofunguka kwa ndani. Usitoboe juu wala chini ya soketi na swichi kwenye mstari wake, nyaya mara nyingi zinapita hapo. Na vitabu vyako mwanangu vina uzito usiofikiria, shelfu ya mita moja ikijaa vitabu ni kilo 20 na kupanda huko, kwahiyo vitabu vikae chini, juu weka vyepesi.

Juu ya mlango hapo nimeona pametulia tu hapana kazi. Shelfu ya kina cha sentimita 25 au 30 ikipita hapo juu ya fremu, hata ikiendelea mpaka ukuta wa pembeni, inameza vitu vingi na macho hayaioni sana. Hapo ndo pa mablanketi ya akiba na begi. Tena begi lisikae tupu, lijaze nguo za msimu ambao sio wake, ila vitabu usiweke humo.

Uvungu wa kitanda ndo ghala lako kubwa kuliko yote kwahiyo tulia nikueleze vizuri. Pima kutoka sakafuni mpaka chini ya ubao wa pembeni wa kitanda, sio mpaka chini ya godoro, manake boksi linapita chini ya ule ubao ndo liingie, toa tena sentimita mbili za kupumulia, hicho ndo kimo cha boksi lako. Afu pima sakafu iliyo wazi mbele yake! Hapa ndo wengi wanakwama, wananunua droo ya magurudumu yenye urefu wa sentimita 80 na kati ya kitanda na meza kuna sentimita 50, droo inatoka nusu inagota, kila ukitaka kitu unasogeza meza. Ukiwa na nafasi finyu nunua maboksi mafupi mawili, moja nyuma ya lingine, lile la nyuma lifungwe kamba mbele ya kulivutia. Yawe na mifuniko kwasababu vumbi la uvunguni halina huruma, na yasijae mpaka yakagusa chaga za kitanda, godoro linataka hewa kwa chini la sivyo unyevu unakaa na ukungu unaanza. Humo ni kwa vitu vya mara moja kwa miezi tu, kule hatua nyingi hazina shida. Na kwavile hutaviona, andika vilivyomo kwenye karatasi, ibandike kwa ndani ya mlango wa kabati, wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari na uvungu umenifundisha walikuwa hawatanii.

Ile mifuko ya kunyonya hewa inasaidia kwa mablanketi ya pamba na ya sintetiki, mradi yawe yamekauka kabisa, ukifunga na unyevu kidogo utafungua harufu. Vitu vya manyoya ya ndege na vya ngozi usivibane humo muda mrefu, vinapoteza umbo na havirudi.

Kabati. Hanga ya mtu mzima ina upana kama sentimita 45, ndo maana makabati mengi kina chake ni kama 55 au 60, na kwenye chumba chako 60 ni kipande kikubwa cha njia. Angalia ile kona ya kushoto ya dirisha, naona ina kina kidogo, hapo unaweza kuweka bomba fupi linalotoka ukutani kuja mbele yako, nguo zikakutazama kifua badala ya bega, kina cha sentimita 35 kinatosha ukatundika nguo saba nane unazovaa sana. Pazia mbele yake, usiweke mlango, mlango unaofunguka unakula sakafu na pazia halili. Ndani ya kabati lenyewe weka mabomba mawili, moja kama mita 2 juu na jingine mita 1, mashati juu suruali na sketi chini, ile sehemu tupu chini ya mashati ndo kabati la pili ulilokuwa unataka kununua. Na hanga zote ziwe nyembamba za aina moja, zile nene za mbao zinakula nafasi ya nguo mbili.

Jikoni sitakaa sana, pako vizuri. Mifuniko ya sufuria isimame, isilale. Chini ya sinki kaza fimbo ya springi, ile inayojibana yenyewe pande mbili, utundike chupa za kupulizia, sabuni na dawa za kufanyia usafi zikae mbali na chakula. Juu ya jiko la moto usiweke shelfu yoyote, hata iwe nzuri vipi, na usiliwekee friji vitu mpaka lishindwe kutoa joto kwa nyuma.

Umeniuliza kuhusu kitanda cha kukunja ukutani. Vinaitwa vya Murphy kwa jina la William Murphy aliyeviuza San Francisco miaka ya mwanzo ya 1900, ni vizuri kuviangalia, lakini mimi sikushauri. Kitanda ni kitu cha kila siku, kukikunja kila asubuhi unatoa mito, unafunga mikanda, unasogeza meza, na siku utakayochoka kitabaki chini na kila ulichopanga kwa ajili yake kitakwama. Bora meza ndo ikunjwe, ubao wenye bawaba ukutani, mkono mmoja unainua mkono mmoja unashusha, na kitanda kibaki kitanda.

Kabati lolote refu lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe hata kama linaonekana limesimama imara, ukivuta droo mbili za juu kwa pamoja linakuja mbele na mtu hapo mbele ni wewe. Ukuta wa nje acha sentimita 5 kati yake na kabati hewa ipite. Njia ya kutoka kitandani mpaka mlangoni usiiweke kitu hata cha muda, usiku wa moto au moshi huoni, unapapasa, na mimi nitalala vizuri nikijua iko wazi. Boksi la fyuzi nalo usilizibe.

Vyeti vyako vyote viweke kwenye faili la plastiki lenye zipu, juu, mbali na sakafu, maji yakiingia yanaanzia chini. Na yale madaftari yako na picha na zile barua najua huzitupi na wala sitaki uzitupe, funga boksi moja uniletee, kwangu kuna nafasi, yatakaa kwa jina lako mpaka utakapopata nyumba kubwa. Chumba kidogo hakikudai uache kumbukumbu zako.

Kwahiyo wikiendi badala ya kwenda dukani, chukua tepu ya kupimia. Pima ile kona ya dirisha upana, kina na kimo, pima uvungu na sakafu iliyo mbele yake, pima urefu kutoka juu ya fremu ya mlango mpaka dari, na ugonge kuta zote nne uniambie kila mmoja unasikikaje. Unitumie Jumapili usiku, nikija nije na drili na skrubu zinazofaa na sio za kubahatisha.

Mama yako