Ni maikrosekunde 38, si milisekunde

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala ya sayansi mliyoitoa Ijumaa iliyopita, ile iliyoeleza namna GPS, mfumo wa setilaiti unaomwonyesha mtu mahali alipo, inavyofanya kazi. Makala nzuri, na aliyeiandika anajua kusimulia. Lakini katikati ya safu ya pili pameandikwa kuwa saa zilizomo ndani ya setilaiti huitangulia saa ya hapa chini kwa milisekunde 38 kila siku. Sizo. Ni maikrosekunde 38. Milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde, na maikrosekunde ni sehemu ya elfu ya milisekunde; hapo pana tofauti ya mara elfu moja, na mimi siwezi kuipita kama mtu anayepita nukta iliyosahauliwa.

Kazi yangu ni ufundi wa vifaa vya boti hapa Mkoani. Manahodha wa Makoongwe na Kisiwa Panza huniletea GPS zilizoingia maji ya chumvi, redio zilizokufa sauti, na zile mashine za kupima kina na kutafuta samaki. Vifaa vyote hivyo vinaishi kwa kuhesabu vipande vidogo vya sekunde, ndiyo maana jicho langu lilikwama pale pale.

Mawimbi ya setilaiti huenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 299,792 na ushei kwa sekunde. Tuseme laki tatu, tusiumizane vichwa. Kwa hesabu hiyo, katika milisekunde moja wimbi limeshakwenda kilomita 300. Katika maikrosekunde moja limekwenda mita 300. Katika nanosekunde moja, yaani sehemu ya elfu ya maikrosekunde, sentimita 30, urefu wa rula ya skuli. Grace Hopper, yule mwanahisabati wa jeshi la majini la Marekani, alikuwa akiwagawia watu vipande vya waya vya urefu huo ili kila mmoja aishike nanosekunde yake mkononi. Mashine ya GPS nayo hupima wimbi limetumia muda gani njiani, kisha inaugeuza muda ule kuwa umbali. Ikikosea nanosekunde 10 tu, umbali umekosewa mita 3.

Sasa tuzirudie zile 38. Kasi ya setilaiti huichelewesha saa yake kwa maikrosekunde 7 hivi kwa siku, na kule kuwa juu, mbali na mvutano wa dunia, kunaiharakisha kwa 45. Toa, unabaki na 38. Yote hayo yalijulikana kutokana na nadharia za Einstein, na ndiyo sababu saa hizo hupunguzwa mwendo kidogo kabla ya kurushwa. Zingeachwa hivi hivi, umbali ungekosewa kwa kilomita 11 na mita 400 kila siku. Hilo peke yake linatosha kumpoteza mtu.

Lakini tukifuata gazeti, tukasema ni milisekunde, kosa linakuwa kilomita 11,400 kwa siku. Kutoka hapa Mkoani hadi Tokyo hazifiki hizo. Nilimpigia hesabu hii nahodha mmoja aliyekuja kuchukua mashine yake, mtu ambaye mahali anapotega dema zake hamwambii hata nduguye, akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa fundi," akaniuliza, "huko samaki bei gani?"

Nadhani najua kosa lilipoingilia, na pengine mwandishi wenu hana hatia. Alama ya maikro ni herufi ya Kigiriki, µ. Katika kompyuta nyingine herufi hii huandikwa kwa fonti maalumu ya alama, ambamo ukibonyeza m inatoka µ. Maandishi yakihamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine na ile fonti ikapotea njiani, µ inarudi kuwa m. Wala hapatokei mstari mwekundu chini yake, maana "ms", kifupi cha milisekunde, nayo ni kipimo halali kama "µs" ya maikrosekunde. Msahihishaji ataiona, ataiamini, ataiandika kwa kirefu: milisekunde. Hospitalini jambo hili linaogopwa zaidi kuliko gazetini, kwani maikrogramu ikisomwa miligramu mgonjwa anapewa dawa mara elfu. Huko wanahimizwa maikrogramu waifupishe kwa mcg, waiache µ. Nyinyi muwaombe waandishi wenu waandike neno zima tangu mwanzo, na pembeni yake waweke umbali ambao mwanga unakwenda katika muda huo. Msomaji akiona "mita 300" na "kilomita 300" mbele ya macho yake, atalikamata kosa mwenyewe.

Na msinione nawaandama nyinyi tu. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na likizo hushinda kwangu karakana. Ana kijitabu cha maswali na majibu kilichonunuliwa Chake Chake, na ukurasa wa majibu unasema nanosekunde 250 ni sawa na maikrosekunde 250,000. Jibu ni 0.25. Tukabishana. "Mjomba, lakini kitabu kimesema." Nikamuuliza: karafuu za babu yako ukizihesabu kwa pishi na ukizihesabu kwa gunia, wapi unapata namba kubwa? Akasema kwa pishi. Na karafuu zimeongezeka? Akanyamaza, kisha akachukua kalamu akaifuta ile 250,000 kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Skuli wanafundishwa "zidisha kwa elfu, gawanya kwa elfu" bila kuulizwa kwanza kipimo kipi ni kikubwa. Mtoto aliyekariri hivyo yuko kama anayerusha sarafu.

Nilimwekea pia jambo la kuona. Ninayo osiloskopu ya zamani, ile mashine yenye kioo inayochora umeme. Umeme wetu huu, unaotufikia Pemba kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, hujirudia mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kila wimbi moja ni milisekunde 20. Nikaupitisha kwenye transfoma ndogo, swichi ya muda nikaiweka kwenye milisekunde: wimbi zuri, linapanda na kushuka kiooni. Nikamwambia aizungushe swichi mwenyewe hadi kwenye maikrosekunde. Wimbi likajinyoosha, likajinyoosha, hadi kiooni pakabaki mstari tu kama uliopigwa kwa rula. Umeme ni ule ule. Akairudisha, akaipeleka tena, na chai yake ikapoa.

Mashine ya kina nayo haina msamaha. Katika maji ya bahari sauti huenda kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 40, sauti imekwenda mita 60, kwenda na kurudi, kwa hiyo chini yako pana mita 30 za maji. Ukizisoma kuwa maikrosekunde 40, chini yako pana sentimita 3, na boti imeshapanda mchanga.

Nayasema haya sasa kwa sababu mwishoni mwa makala mmeahidi sehemu ya pili, ya atosekunde, vipande vya sekunde vidogo zaidi hata ya nanosekunde, na kazi iliyowapa Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2023. Naisubiri. Natumaini na Ahmed Zewail wa Misri atatajwa, aliyepata ya kemia mwaka 1999 kwa kuzitazama molekuli katika femtosekunde. Ila huko chini ngazi ni nyingi: nano, piko, femto, ato, na kila moja ni sehemu ya elfu ya iliyo juu yake. Mkiteleza ngazi moja hakuna nahodha atakayecheka, kwa kuwa hakuna kitu karakana kwangu wala botini kwake kitakachomwonyesha kuwa mmekosea. Mpeni mtu wa fizikia pale chuo kikuu aisome kabla haijakwenda mtamboni.

Ama ile ya Ijumaa, siombi ukurasa wa mbele. Mstari mmoja chini ya barua hii unatosha.

Wako,
Fundi wa vifaa vya boti,
Mkoani, Pemba