Hayo maumivu usiyaite tena vidonda vya tumbo

Ndugu yangu,

Pole sana jamani. Meseji yako nimeisoma usiku sikulala tena, yani siku tatu tumbo linakuuma chini ya mbavu mpaka mgongoni, unatapika, sukari iko juu, na wewe unameza dawa za vidonda tu? Nashukuru wamekulaza.

Umeuliza kongosho, kile kiungo nyuma ya tumbo kinachotengeneza insulini, limevimbaje wakati pombe hugusi. Kweli mawe ya nyongo na pombe ndo sababu kubwa, ila kwa sisi wenye kisukari kuna na mafuta ya kwenye damu, yale traiglisaraidi, sukari ikikaa juu muda mrefu insulini haitoshi basi na hayo mafuta yanapanda, yakivuka 1000 mg/dL kongosho liko hatarini kabisa. Mimi ndo yaliyonipata, na hakuna aliyeyapima mpaka nilipolazwa mara ya pili, hilo bado linaniuma. Kwa hiyo muulize dokta kama wameyapima, wasiishie ultrasaundi ya nyongo peke yake. Mtajie na dawa zote unazotumia, maana kama ni zile dawa za kisukari, sitagliptini au sindano ya semaglutaidi, kwa sasa inasimamishwa.

Usishangae kuona hawakupi dawa ya kuondoa uvimbe wenyewe, haipo. Ni dripu ya maji, dawa ya maumivu, na insulini, ambayo inashusha sukari na hayo mafuta pia. Zamani walikuwa wanamzuia mgonjwa kula siku nyingi, siku hizi ukiweza kula wanakuanzishia mapema kidogo kidogo. Wakikuta ni mawe, waulize habari ya kutoa kifuko cha nyongo kabla hujaruhusiwa, ukirudi nyumbani nacho inaweza kujirudia.

Kitu kingine, na hapa nakuomba sana, ukitoka pima sukari mara nyingi kuliko zamani. Kongosho ndo linatoa hata ile homoni ya kuipandisha sukari ikishuka, likiharibika unaweza kushuka ghafla hata kwa dozi yako ileile uliyoizoea. Na ukiona choo kina mafuta, kinaelea na kinanuka kupita kawaida usione aibu kusema, kuna vidonge vya vimeng'enya, vya kusaidia kusaga chakula, unameza pamoja na chakula.

Majibu ya traiglisaraidi yakitoka nitumie hiyo namba saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Wako wa siku zote