Dubai wanauza jioni ya mchanga, sisi Kigoma jioni ya ziwa hatumuuzii mtu

Mhariri, naomba nafasi kwenye safu yako ya barua za wasomaji. Mimi ni mfanyabiashara wa mazulia, mito na mapazia hapa Mwanga, Kigoma, mzigo nafuata Dubai kama wenzangu wengi wa hapa na wa Tabora, na safari hii iliyopita mimi na mama mmoja wa Tabora ambaye huwa tunasafiri pamoja tukasema tukishamaliza kufungasha mizigo Deira twende na sisi ile safari ya jangwani ya jioni ambayo kila mtu akifika kule lazima aiweke status. Tukaenda, na nimefurahi sana, hela yangu siijutii hata kidogo. Ila tangu nirudi kuna swali linanisumbua na nataka watu wa Kigoma walisome: kama mchanga mtupu unauzwa kila jioni kwa watu wa dunia nzima, kwa nini jioni ya Ziwa Tanganyika hakuna anayeiuza?

Ngoja kwanza nieleze wenzetu wanavyofanya maana asiyefika anaweza kudhani ni kupelekwa tu kutazama jangwa halafu basi. Alasiri, saa tisa au saa kumi hivi, gari inakufuata mpaka mlangoni kwa hoteli, Land Cruiser, ndani mnachanganywa na wageni wengine, sisi tulikaa na familia ya Kihindi na vijana wawili Wafilipino. Mnatoka mjini kwenye lami safi mpaka huko Lahbab ambako ndo wanapeleka watu wengi, mchanga wake mwekundu kabisa. Pale pembeni ya barabara magari yote yanasimama na madreva wanashuka wanaanza kutoa upepo kwenye matairi, moja baada ya jingine, unasikia tu fsssss kila upande. Yule mama akaniuliza, mwanangu mbona wanatutoa upepo na huku tupo porini? Dreva wetu Mpakistani, kijana mpole sana, akatueleza kwamba tairi ikijaa inachimba mchanga na gari inazama, ila ikiwa laini inalala pana juu ya mchanga na gari inapita. Halafu akakagua mikanda ya kila mtu kwa mkono wake, na kabla hajawasha akauliza: kuna mjamzito humu, kuna mwenye shida ya mgongo, kuna mwenye moyo?

Mama wa Tabora mgongo wake mbovu kwa miaka, akasema ukweli. Wala hawakumnunia wala hakuambiwa hela yako imeliwa, wakampigia dreva mwenzao ambaye gari yake ilikuwa inapita njia ya chini moja kwa moja kambini, akapanda hiyo, na sisi tulivyokuja kufika tukamkuta amekaa kwenye mto ameshaletewa kahawa na hina imeanza kukauka mkononi. Mimi jambo hilo nimelipenda kuliko hata ngamia. Kwetu mtu mzima akisema ana mgongo kwenye basi anajibiwa shuka basi. Sisi wengine tukapandishwa vilima vya mchanga na kushushwa ubavuubavu karibu nusu saa, mtoto wa yule Mhindi analia huku anacheka, mimi nimeshika kile kishikio cha juu mpaka vidole vikafa ganzi.

Jua likikaribia kuzama magari yote yanapaki juu ya kilima, kila mtu anashuka, wanakuacha hapo utazame na upige picha. Hakuna mlima, hakuna maji, hakuna mti, ni mchanga na jua basi, na watu wametoka Ulaya, China, Brazili huko wamelipia hicho. Hapo ndipo wazo liliponijia na tangu hapo halijatoka.

Kambini sasa, mazulia yametandazwa chini, mito, vimeza vifupi, unakaribishwa tende na kahawa ya Kiarabu ile nyepesi yenye iliki, ngamia unapanda raundi fupi, watoto wanateleza na ubao kwenye mchanga, kuna mtu ana kozi, yule ndege wa kuwinda, amemfunika kichwa na kikofia cha ngozi anakuwekea mkononi upige picha. Chakula ni nyama za kuchoma, wali, saladi, unajipakulia. Kuna mwanaume anacheza anazunguka na masketi mazito ya rangi yenye taa, anazunguka weeee mpaka wewe unayetazama ndo unapata kizunguzungu, kuna wa kucheza na moto, na mwanamke wa kukata kiuno. Nimeambiwa mwezi wa Ramadhani mambo ya muziki na kucheza wanayaondoa, chakula kinabaki. Saa tatu usiku hivi mmesharudishwa hotelini.

Kwa ndugu zangu mnaofuata mizigo kule, ulizeni kabla hamjalipa ni kipi kimo kwenye bei na kipi hakimo, maana zile pikipiki za magurudumu manne huwa zinalipiwa pembeni, picha na kozi mara nyingi nayo pembeni, na gari ya kuchangia ni nafuu kuliko ya kukodi peke yako. Na msiende kati ya mwezi wa sita na wa nane kama mna uwezo wa kuchagua, joto linapita 40 na mchana mchanga haukanyagiki.

Na msidhani jangwa lote wameliachia magari. Kuna eneo wamelihifadhi tangu 2003, kilomita za mraba 225, karibu asilimia 5 ya ardhi yote ya Dubai, humo kampuni zinazoruhusiwa kupeleka wageni ni chache na zina masharti yake. Wanafuga wale swala weupe wa Arabuni wenye pembe ndefu zilizonyooka, ambao porini walikwisha kabisa mwaka 1972 wakaja kurudishwa kwa kuzalishwa. Kwa hiyo wameuza na wametunza kwa wakati mmoja, sio kwamba kila penye mgeni lazima paharibike.

Sasa turudi nyumbani.

Mwenye hajawahi kukaa Kigoma ajue sisi tuko magharibi kabisa ya nchi, saa zetu ni sawa na za Dar lakini jua letu linachelewa zaidi ya nusu saa. Dar watu wameshawasha taa, hapa jua bado lipo juu ya ziwa linashuka taratibu nyuma ya milima ya Kongo, na siku hewa ikiwa safi ile milima unaiona yote imejipanga. Ziwa lenyewe ndo refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, kilomita 673, na kwa kina linashindwa na Baikal la Urusi peke yake, mita 1,470 kwenda chini. Mgeni aliyelipia kutazama jua likizama kwenye mchanga, huyu mkimkalisha juu ya mawe ya Bangwe au Katonga jioni na samaki wa kuchoma pembeni yake si atawaletea ukoo mzima?

Na hapo bado usiku haujaingia. Giza likishika vile vipe vinatoka, mitumbwi imeunganishwa kwa miti na wavu katikati, na kila chombo kina taa zake. Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi ni balbu za betri na sola. Taa inamulika maji, vidudu vidogo vinafuata mwanga, dagaa wanafuata vidudu, migebuka nao wanawafuata dagaa, wavu uko chini unasubiri. Wanakaa saa nyingi kimya halafu ghafla mmoja anatoa amri na watu wote wanavuta kwa pamoja, na dagaa wanapanda wanamemetuka kwenye taa yaani unashindwa kuhesabu. Nimelelewa na baba aliyevua na mpaka leo nikisimama juu kule Mwanga usiku usio na mwezi nikatazama ziwani naona taa zimetapakaa mpaka mbali kule, nasimama, siwezi kupita tu. Hiki kitu Dubai hawana, na hata wakitaka kukitengeneza kwa hela zao zote hawawezi maana hii sio shoo, ni watu wako kazini.

Tena wageni tunao tayari. Tangu Jane Goodall afike Gombe mwaka 1960 dunia nzima inajua kuna sokwe hapa, watu wanakuja kutoka mbali kweli, wanalala mjini, asubuhi wanapanda boti wanaenda Gombe au wanaunganisha Mahale, wakirudi wanalala tena wanaondoka. Ile jioni ya mjini wanafanya nini? Wanakaa hotelini wanachezea simu. Nimeshamuuliza mmoja aliyekuja dukani kununua kitenge, mama wa Kijerumani, akasema angependa kutoka lakini hajui aende wapi na nani na bei gani. Nikakosa cha kumjibu. Mjini wapo vijana wanaojua Kiingereza na Kifaransa, boti zipo, Ujiji ipo hapo daladala tu, ile makumbusho ya Livingstone na miembe ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, njia ya misafara ya watumwa na pembe iliyotoka hapa ikapita Tabora mpaka Bagamoyo, na wazee wa Ujiji jioni wako barazani na kahawa yao chungu, wanaijua hiyo historia kwa upande wa waliobebeshwa mizigo, sio wa wazungu wawili tu kupeana mkono. Vyote vipo ila kila kimoja kimekaa peke yake.

Dubai walichofanya ni kuviunganisha. Bei moja, saa ya kufuatwa inajulikana, saa ya kurudi inajulikana, chakula kimo, na mgeni anaulizwa kuhusu mgongo wake. Basi. Na sisi tungeanza hivyohivyo, mgeni afuatwe saa tisa na nusu, apitishwe Ujiji asikie wazee na anywe kahawa, saa kumi na mbili awe ufukweni kwenye jua, ale migebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo, mwenye kutaka ngoma achezewe ngoma ya Waha yenyewe, tusimuigizie Uarabu, halafu giza likiingia boti imsogeze akaone taa, saa tatu yuko kitandani.

Najua yatakayosemwa. Kwanza usalama, na mimi ndo nitakuwa wa kwanza kulisema hilo kwa sababu ziwa hili limechukua watu tunaowajua. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini ukiamka mawimbi sio ya mchezo. Kwa hiyo boti iwe imekaguliwa, laifu jaketi kila kichwa na ivaliwe sio ikaliwe, nahodha awe na mamlaka ya kusema leo hatutoki na mgeni arudishiwe hela yake, mkae mbali na nyavu za watu. Pili wavuvi wenyewe, hawa lazima wakubali na walipwe, boti ya wageni ikija na kelele na tochi inaharibu kazi ya usiku mzima, kwa hiyo wakubaliane na kamati za mwalo, yaani pale boti za uvuvi zinapotia nanga, na kila usiku kiasi fulani kiende kwa mwenye kipe anayetembelewa. Tatu mwezi, mbalamwezi ikiwa kali vipe vingi havitoki, kwa hiyo hizo siku mgeni aambiwe mapema kwamba taa hazipo, auziwe jua na Ujiji kwa bei ya chini, asidanganywe.

Na hapa kwenye wavuvi naomba nisikilizwe vizuri. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa nane, samaki wapate kuzaliana. Sipingi, dagaa walishapungua na kila mama anayeanika Katonga anajua. Lakini nimeona nyumba zilivyokaa hiyo miezi, wateja wangu waliokuwa wanalipa wakaja kukopa, vijana wamekaa kwenye kingo za boti kutwa nzima. Mtu anayejua kuendesha boti kwenye ziwa hili usiku kwa kuangalia milima tu, anakaa bure miezi mitatu, na juu kule hotelini kuna mgeni ana hela anatafuta pa kwenda. Hao vijana wangekuwa na kipato cha pili, hata kidogo, kufunga ziwa kusingewaumiza vile.

Wenye boti wa Kibirizi na Katonga, wenye gesti na hoteli, wazee wa Ujiji, na nyie wa halmashauri mnaohusika na utalii na uvuvi, tukutane tukae hata siku moja tupange bei. Tusisubiri mwekezaji. Tuanze na wageni wachache, giza la mwezi ujao, watu sita au nane kwenye boti moja iliyo sawa. Mazulia na mito ya kukalia ufukweni nitatoa mimi dukani kwangu bila kulipwa kwa kuanzia. Nachotaka kujua kwa sasa ni kimoja, mwenye kipe unayesoma barua hii, kwa usiku mmoja wa kutembelewa na wageni bila kuharibiwa kazi yako, ungetaka shilingi ngapi?

Mfanyabiashara, Mwanga, Kigoma