Grand National bila uzito haina maana

Mhariri,

Nimeona mara mbili sasa gazeti lenu linaandika habari za Grand National, zile mbio za farasi za kuruka viunzi zinazofanyika kila mwaka uwanja wa Aintree hapa Liverpool, na mara zote ni farasi amekufa au mtu kala hela ya mkeka, basi. Mi naishi Liverpool mwaka wa 11 huu, treni ya Aintree inakushusha mbele ya geti kabisa, hizi mbio nazipenda na naomba nafasi niseme kitu.

Zilianza 1839 na farasi aliyeshinda aliitwa Lottery, ila enzi hizo wote walibeba uzito mmoja. Ni 1843 ndo bwana mmoja Edward Topham akaanza kupanga uzito, yani farasi mkali anaongezewa vyuma kwenye tandiko na mnyonge anapunguziwa ili wote wawe na chansi. Watu wengi wanadhani utamu ni vile viunzi 30 na karibu kilomita 7 za kukimbia, hapana, utamu uko kwenye huo uzito!

Chukua 1973. Farasi Crisp kabeba stone 12, kama kilo 76 hivi, kaongoza peke yake mbali kabisa, nyuma yake anakuja farasi Red Rum mwenye kilo kama 10 pungufu, na kwenye ule mnyoosho wa mwisho Crisp miguu ikamwisha anayumba kama mlevi, akapitwa hatua chache tu kabla ya nguzo ya kumalizia na wote wawili wakawa wamevunja rekodi ya zamani. Mpaka leo nikiiangalia ile video nashindwa kukaa kwenye kiti.

Na huyo Red Rum alitoka wapi? Kwa mkufunzi wake Ginger McCain, dereva teksi na muuza magari ya mitumba kule Southport, zizi lilikuwa nyuma ya duka la magari! Farasi mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa kwato, wakawa wanamkimbiza ufukweni kwenye maji ya chumvi. Akashinda 1973, 1974 na 1977, na miwili ya katikati akawa wa pili. Kazikwa pale pale Aintree kwenye nguzo ya kumalizia.

Sasa wanaosema zifutwe, uchungu wao nauelewa. 2012 walikufa farasi wawili, 2023 akafa farasi Hill Sixteen kwenye kiunzi cha kwanza siku hiyo hiyo polisi wamekamata waandamanaji zaidi ya 100, mi nililia kweli. Lakini waandaaji hawajakaa kimya, mbao za ndani ya viunzi zilitolewa zikawekwa plastiki inayopinda, na 2024 wakapunguza farasi toka 40 hadi 34 na kiunzi cha kwanza kikasogezwa karibu ili wasikifikie na spidi kubwa. Naunga mkono yote hayo na waongeze mengine, farasi hajaomba kukimbia.

Kinachoniuma ni kingine. Mwaka huo huo wa 2024 kiwango cha chini cha kuingia kikapandishwa toka pointi 125 hadi 130, yani alama anazopewa farasi kwa uwezo wake, na farasi wa pointi za juu wanakaa kwenye mazizi machache makubwa yenye hela. 2025 farasi wa mkufunzi Willie Mullins wa Ireland walichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, farasi mshindi Nick Rockett kapandwa na mwanae Patrick. Hongera zake, mzee yule alilia machozi na mimi nilifurahi nae, ila jamani kama watatu wa mbele wote ni wa zizi moja yule muuza magari wa leo ataingilia wapi? Uzito umewekwa umsaidie mnyonge, sasa mnyonge mwenyewe anaishia getini.

Nimewaandikia waandaaji na nawaandikia na nyie mniungie mkono, wabaki na hao 34 ila nafasi nne tu wawatengee mazizi madogo, usalama wa farasi uangaliwe kwa rekodi yake ya kuruka na sio pointi peke yake.

Msomaji wenu, Liverpool