Mhariri, ukurasa wa watoto upeni punda wa kwenda mwezini

Mhariri habari za kazi, mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi huku Chamwino, leo naomba niongelee ukurasa wa watoto.

Umeme ukikatika jioni watoto wangu na wa jirani tunakaa nje nawapigia stori, na iliyowashika kuliko zote ni ya mifugo wetu kwenda mwezini. Jogoo ndo rubani, anadai yeye ndo analiamsha jua kila siku sasa anataka akalione kwao linapolala. Mbuzi ni fundi mitambo ila kila waya akiuona anautafuna, ng'ombe pembe hazipiti mlangoni, na punda kabebeshwa madumu manne ya maji kama kawaida yake. Wakifika kule juu vitu vinaanza kuelea, madumu yanapanda yenyewe, punda anageuka haoni mzigo mgongoni basi analia kwa sauti akijua kafukuzwa kazi! Hapo watoto wanagaagaa chini kwa kicheko. Na maziwa ya ng'ombe hayamwagiki, yanajikusanya duara kama mpira yanaelea, mbuzi anayafukuza ayapige kichwa.

Sasa wakishacheka wanauliza maswali, na hicho ndo nachopenda mimi. Binti yangu wa darasa la tatu kaniuliza, baba hivi kweli kuna mnyama kashafika huko angani? Nikamwambia ndio, kabla ya Gagarin, yule Mrusi aliyekuwa mtu wa kwanza kufika angani, kwenda mwaka 1961 walitangulizwa wanyama, mbwa Laika alirushwa 1957 na hakurudi hai (akanyamaza kabisa, nikaona nimeharibu) ila mbwa wengine wawili, Belka na Strelka, 1960 walirudi wazima. Tena zamani zaidi, Ufaransa mwaka 1783, puto la hewa ya moto lilipanda na kondoo, bata na jogoo, dakika kama nane hivi wakashuka salama. Asubuhi nikamkuta bandani anamhadithia jogoo wetu habari za babu yake wa Ufaransa.

Mhariri, sungura na fisi tumekua nao na nawapenda, lakini wiki nzima ni wao tu, na kila hadithi mtoto anaonywa mwisho. Mpeni na kitu cha kucheka halafu aulize. Na asiambiwe anga ni la mbali, mwaka 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, hapo kwa jirani zetu Kenya.

Stori yangu nimeshaiandika kwenye daftari, mkitaka naileta bure kabisa. Imebaki mwisho tu maana wanabishana, punda kagoma kurudi duniani, binti anasema aachwe huko huko apumzike, mdogo wake anauliza sasa maji tutachotewa na nani.

Ni mimi msomaji wenu,
Chamwino, Dodoma