Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeko Mufindi: kabla hujachagua cha kuacha

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kutoka Iringa. Sisi huku hatujambo, ingawa mvua hazitupi hata nafasi ya kukausha nguo. Nimeupata ujumbe wako unaouliza kipi kina uzito zaidi katika Kwaresima, kuacha nyama, kuacha sukari au kuacha ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kama inafaa uongeze na kuacha kubeti. Nimeamua kukujibu kwa barua ya wazi bila kukutaja jina, kwa kuwa swali lako ndilo linalozunguka katika jumuiya nyingi kila tunapokaribia Jumatano ya Majivu, na mwaka huu wa 2026 siku hiyo inaangukia tarehe 18 Februari.

Kwanza tutenganishe kilichoamriwa na kile unachojichagulia mwenyewe. Kanisa letu Katoliki linaamuru mambo machache kuliko watu wanavyodhani. Siku za kufunga chakula ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, ambapo mwenye umri wa miaka 18 hadi 59 anakula mlo mmoja wa kushiba na vilaji viwili vidogo ambavyo hata vikijumlishwa havifikii mlo kamili. Nyama tunaiacha siku hizo mbili pamoja na Ijumaa za Kwaresima, kuanzia umri wa miaka 14. Kwa kuwa wewe kazi yako ni kupakia mbao kwenye malori, zungumza na paroko wako mapema kuhusu siku hizo mbili, maana amri ya kufunga haikuwekwa ili mtu aanguke na ubao begani. Yanayobaki yote, yaani hicho unachoniuliza, ni hiari yako, na kwa sababu ni hiari ndiyo maana yanahitaji akili.

Nyama nisingeichagua. Nyumbani kwako siku za kawaida mnakula ugali kwa maharage au mboga za majani, na nyama inaonekana Jumapili au anapofika mgeni. Sasa hesabu vizuri: kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, na tunazipata siku 40 kwa kuziondoa Jumapili sita, kwa sababu Jumapili ni siku ya Ufufuko na haifungwi. Kwa hiyo utakuwa umeacha nyama katika siku ambazo haipo, na kuila katika siku ambayo huwa unaila. Huo ni mfungo mwepesi mno kwa kijana mwenye nguvu zako.

Sukari nayo ina shida yake, ambayo wanaume hawaioni mara moja. Chai ya nyumbani kwako inachemshwa katika sufuria moja na sukari inatiwa humohumo. Ukiiacha sukari, ama mkeo achemshe chai mara mbili asubuhi kabla hajaenda shambani, ama watoto wote wanywe chai isiyo na sukari kwa nadhiri ambayo hawakuiweka wao. Mfungo ambao gharama yake inalipwa na mke na watoto si wako, ni wao, na wewe umejichukulia jina tu.

Kuhusu kubeti nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Kinachoachwa kwa Kwaresima ni kitu chema na halali, ambacho Pasaka ikifika unakipokea tena kwa furaha na shukrani. Kama mikeka yako ya kubeti inakula fedha za madaftari na za mbolea, basi hicho si kitu cha kuacha siku 40 na kukirudia Jumatatu ya Pasaka ukiwa umepumzika. Kiache kabisa, leo, hata kama majivu hayajakugusa paji la uso, na usikihesabu katika Kwaresima. Vinginevyo utakuwa umempa Mungu likizo fupi ya deni lako.

Ndipo tunafika kwenye ulanzi, na hapa naona pana jambo. Kwaresima yetu sisi wa nyanda za juu inatukuta katikati ya kifuku, yaani msimu wa mvua, wakati mianzi inachipua na ulanzi umejaa kila kona, ilhali kwingine watu wanaacha pombe ambayo wangeipata mwaka mzima. Wewe unakunywa kwa kiasi, unaupenda, na kikao cha kilabuni kinakupa habari na marafiki. Ni kitu chema, ni halali, na ni chako. Kukiacha kutakuuma wewe, na hakutamuuma mwingine.

Ila mianzi haijui Kwaresima. Unajua kuliko mimi kwamba chipukizi likishakatwa ncha lazima lipitiwe asubuhi na jioni, likwanguliwe kipande chembamba kwa kisu kikali, na mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia, irudishwe mahali pake, maana ukiliacha bila kuligusa linakauka na msimu wake umekwisha. Kwa hiyo sikushauri uache kugema. Gema kama kawaida, na ile sehemu ambayo ungeinywa jioni iuze siku hiyohiyo ikiwa bado tamu, kwa sababu ukiiweka hadi kesho itakuwa kali na itaanza kukuita. Fedha yake mpe mkeo aiweke kwenye kopo. Usiiweke kwenye simu, nawe unajua kwa nini.

Kuna wanaosema kwamba kwa kuwa Jumapili haihesabiwi, basi mtu anaweza kunywa Jumapili. Kisheria hawajakosea. Lakini nimewaona watu ambao Jumapili moja inalipa madeni ya wiki nzima, na kwa ulanzi hasa nakuomba usijipe mlango huo.

Kisha fikiria saa zako. Mtu anayeacha kilabu anabaki na muda kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, na muda huo usipopangiwa kazi utakurudisha ulikotoka. Ijumaa ipo Njia ya Msalaba. Siku nyingine kaa na mtoto wako wa darasa la pili asome kwa sauti ukimsikiliza, hata kama unasinzia. Wapo pia wanaume ambao wakiacha pombe wanarudi nyumbani mapema na hasira zao, wanakagua chumvi ya mboga na kufoka, mpaka mke anatamani Pasaka kuliko wao. Ukiona unaelekea huko, nenda katembee kwanza.

Wenzako wa kilabuni watauliza uko wapi. Jibu kwa ufupi na upite. Injili tunayosomewa Jumatano ya Majivu, Mathayo sura ya 6, inatuonya tusifunge ili tuonekane na watu, na wewe uliye mgema huhitaji kuelezwa kinachotokea mgema akisifiwa. Mwaka huu Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu siku zilezile na Kwaresima yetu, na utawaona majirani zetu Waislamu wakipakia mbao mchana kutwa bila hata tone la maji, wala hawakutangazii. Hilo litakusaidia usijione shujaa kwa sababu ya ulanzi.

Kuhusu kopo, msilifungue hadi Juma Kuu. Jumuiya itakusanya sadaka ya Kwaresima, na sehemu iende huko. Lakini kabla ya hapo mkae wewe na mkeo mtaje mtu mmoja wa kitongojini kwenu ambaye gunia lake la mahindi limeisha, kwa kuwa miezi hii ndiyo akiba inakauka huku mahindi ya shambani yakiwa bado mabichi. Mkeo anamfahamu mtu huyo tayari; wanawake hujua. Mpelekeeni debe la mahindi jioni, bila bahasha wala hotuba.

Mimi nitakachoacha sikutajii, na usimuulize mama yako. Wasalimie watoto, na umwambie mkeo majani ya maboga aliyotuma yalifika salama.

Ni mimi shangazi yako,
Iringa