Kuchomeka simu kwenye redio kaseti ya zamani: waya uingie wapi

Wateja wengi wanaotuletea redio kaseti za spika mbili hapa Ngamiani, Tanga, shida yao ni moja. Redio ni nzima na inapiga vizuri, ila nyimbo siku hizi ziko kwenye simu. Je, inawezekana kuweka tundu la waya wa simu? Inawezekana, tena mara nyingi bila kuigusa deki ya kaseti. Muhimu ni mahali waya unapochomelewa.

Redio nyingi tunazopokea zimeshapita kwa mtu aliyechomelea waya wa simu kwenye hedi ya kaseti, kile kichwa kinachosoma utepe. Hapo si mahali pake. Hedi hutoa umeme mdogo mno, chini ya milivolti 1, kwa hiyo saketi inayoifuata imetengenezwa kuukuza sana na kuongeza besi. Simu inaweza kutoa nusu volti au zaidi. Ukiuingiza umeme huo pale, muziki unakwaruza hata voliumu ikiwa chini, na besi inammeza mwimbaji. Mwenye redio anatuambia spika zimekufa, kumbe spika hazina neno.

Sisi tunaingilia kwenye voliumu, baada ya swichi ya kuchagua redio au kaseti. Kwa kawaida voliumu ya stereo ina miguu 6, yaani 3 kwa kila upande: mmoja sauti inaingia, wa kati inatoka kwenda kwenye ampifaya, na mmoja wa ethi, yaani njia ya pamoja ya kurudisha umeme. Tunakata kwa wembe njia nyembamba ya shaba inayofika kwenye mguu wa kuingilia, kisha tunaipitisha sauti kwenye tundu lenye swichi ndani yake. Usipochomeka kitu, redio na kaseti zinapiga kama kawaida. Ukichomeka pini, zinanyamaza, simu inashika. Tunaweka kapasita kila upande ili umeme wa redio usirudi kwenye simu yako, na waya tunaotumia ni ule wenye wavu wa shaba kwa nje, maana waya wa kawaida hukusanya muungurumo. Siku ukitaka redio irudi ilivyokuwa, ni tone la risasi tu pale tulipokata.

Redio ya umeme isiyo na transfoma ndani hatuiwekei tundu, hata mteja akisisitiza. Umeme wa ukutani unaweza kufika kwenye ethi yake, na wewe umeshika simu mkononi.

Kwa hewa yetu ya bahari, voliumu na swichi hushika kutu, kwa hiyo tunazisafisha kwanza. Bila hivyo utadhani tundu jipya ndilo linalokwaruza.

Wengine wanataka Bluetooth ifungwe ndani ya redio moja kwa moja. Kile kibao kidogo cha saketi ya Bluetooth cha volti 5 kikichukua umeme wa redio hiyohiyo, mara nyingi huleta mlio mwembamba usiokoma. Simu inayochajiwa huku imeunganishwa na redio inaweza kufanya hivyohivyo. Ushauri wetu: weka tundu, kisha nunua kipokezi cha Bluetooth chenye betri yake ukichomeke hapo.

Na tunakuomba usikubali deki ing'olewe kupisha kibao cha kusomea flashi. Mkanda wa mpira wa mota ukilegea unabadilishwa. Mji huu ulikuwa na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na bendi ya dansi ya Atomic Jazz, na kaseti za muziki huo bado zipo makabatini. Taarabu iliyorekodiwa kwenye harusi ya shangazi yako huwezi kuipata kwenye simu.

Ukija, leta redio na waya wake wa umeme, toa betri kabla hazijavuja, na uje na simu yenyewe. Kama haina tundu la duara la hedifoni, utahitaji adapta. Tunaifungua redio mbele yako na kukutajia bei kabla ya kuchomelea chochote.